Gurudumu Lililoingia Langoni

Habari ilianzia sokoni Keumbu, katikati ya mikungu ya ndizi, na tangu Nyanchera aisikie haikumtoka tena kichwani. Alilala nayo, akaamka nayo, akachuma majani chai nayo.

Walisema kuna gurudumu linalotembea peke yake. Asubuhi za ukungu, ule mzito unaofanya hata ng'ombe wako mwenyewe aonekane mgeni, gurudumu hilo hushuka mteremko wa mikaratusi likiwa limesimama wima. Hakuna gari mbele yake, hakuna gari nyuma. Halikimbii. Linashuka polepole kama mtu anayeikumbuka njia ya kwao. Likikuta lango liko wazi huingia, likalala chini uwanjani, na nyumba hiyo haimalizi mwezi bila matanga.

"Acha nikwambie vizuri, maana naona unacheka," alisema Nyangate, muuza ndizi mwenzake.

"Sicheki, mama. Ni meno yangu tu yako nje," Nyanchera akasema.

"Basi yarudishe ndani usikie. Liliingia kwa Ochoki. Mke wake alikuwa anafagia uwanja, akadhani ni watoto wanacheza. Akainama kuokota takataka, kuinuka, halipo. Haukupita muda, kijana wao wa lori akafia kwenye ule ule mteremko. Na gurudumu lililochomoka kwenye lori yake wamelitafuta kwenye chai mpaka leo."

"Halikuonekana?"

"Litaonekanaje na linatembea?"

Wanawake wengine waliangua kicheko, mmoja akasema ikiwa gurudumu linatafuta mke lielekezwe kwake. Nyanchera alijaribu kucheka nao. Lakini lango lake ndilo la kwanza ukimaliza mteremko ule, na bawaba yake ya juu ilikuwa imekatika tangu mvua za masika. Lango lenyewe halikufungika. Na juma hilo hilo binti yake Sharon alikuwa analeta gari nyumbani.

Ilikuwa pikapu kuukuu ya rangi ya maziwa. Sharon aliinunua ili abebe ndizi kutoka upande wa Itumbe hadi Kisii mjini, kazi aliyokuwa ameiota tangu baba yake Anyona afariki. Mtoto mwingine Nyanchera hakuwa naye karibu. Wengine walikuwa wameolewa mbali na huyu ndiye aliyebaki kumwita mama kila asubuhi. Mtu akiwa na yai moja mkononi hutembea vile Nyanchera alivyokuwa akitembea.

Katika ukoo wa marehemu Anyona kulikuwa na desturi yao kuhusu gari jipya. Mzee wa kanisa huja Jumapili, Sabato ya Jumamosi ikiwa imepita, akaomba. Gari huinuliwa kwa jeki, nati za magurudumu hulegezwa, halafu kila mkubwa wa ukoo hukaza yake. Kwa njia hiyo mkono wa kila mmoja unakuwa ndani ya gari, na hakuna atakayesema baadaye kwamba hakubariki. Asiyekaza huulizwa ana nini moyoni.

Aliyetangulia siku hiyo alikuwa Manasseh, mdogo wa marehemu Anyona, mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kwanza alichovya kidole kwenye kopo la oili akaipaka kwenye meno ya bolti zote.

"Baba mdogo, usipake oili," Sharon alisema. "Hizo zinatakiwa kuwa kavu."

"Chuma kikavu kinaumia, msichana wangu. Hata wewe unajipaka mafuta."

Watu wakacheka. Manasseh akachukua spana ya magurudumu, akachomeka paipu ya maji kwenye mpini ili uwe mrefu, akakaza kwa mikono. Mikono ilipogota akapanda juu ya paipu kwa miguu yote miwili, akaruka. Nati ikalia *kriii*.

"Hiyo haitoki mpaka Bwana arudi!" Manasseh akapiga makofi. "Nani anafuata?"

Wakafuata. Kila mmoja hakutaka kushindwa na aliyetangulia. Bibi mmoja wa ukoo, hata fimbo ya kutembelea aliiweka kando akapanda kwenye paipu huku ameshikwa mikono, watu wakipiga vigelegele.

Walipomaliza, Sharon alitoa kisanduku chekundu. Ndani yake mlikuwa na spana ndefu yenye nambari kwenye mpini. Alikuwa ameiazima kwa Rashad, mwenye duka la vipuri mjini Kisii.

"Hii ni spana ya kupima," aliwaambia. "Kila gari ina nambari yake kwenye kitabu chake. Unaiweka nambari hiyo hapa kwenye mpini, unakaza pole pole. Nguvu ikifika, spana inalia *tak*. Unaachia hapo hapo."

"Pima basi tuone kama sisi si wanaume," Manasseh akasema.

Sharon akaiweka kwenye nati ya kwanza. Hata hakuvuta vizuri, ikalia *tak*. Ya pili, *tak*. Ya tatu, *tak*. Manasseh akainua mikono kama mtu aliyeshinda kesi.

"Umesikia? Chuma chako chenyewe kimesema ndiyo."

Sharon hakucheka. "Hii inasema tu kwamba tumefika, baba mdogo. Haisemi tumepita kwa umbali gani. Tufungue zote, tupanguse oili, tuanze upya."

Manasseh akashusha mikono.

"Unataka kufungua mkono wangu?" Manasseh akauliza, sasa kwa sauti ya chini. "Baba yako angekuwa hapa ungemfungua pia?"

Sharon akamtazama mama yake. Nyanchera aliona kabisa kwamba mtoto anaomba msaada. Lakini mbele ya macho yake lilikuwa limesimama lile gurudumu la ukungu, na masikioni mwake kulikuwa na neno moja tu, lisichomoke, lisichomoke. Nati iliyokazwa na ukoo mzima ingechomokaje?

"Waache, Sharon," akasema. "Baraka haifunguliwi."

Sharon akarudisha spana kwenye kisanduku. Kesho yake akaenda Itumbe, akarudi salama. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Gari ilifanya kazi, na mteremko haukusema kitu.

Nyanchera ndiye aliyeshindwa kutulia. Mtu mwenye hofu hatosheki. Kila asubuhi, Sharon akiwa ndani anakunywa chai, yeye alitoka kimya kimya, akachukua ile spana ya magurudumu na paipu ya Manasseh, akaenda kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, lile lililokuwa upande wa lango. Alipanda juu ya paipu kwa miguu yote miwili huku ameshikilia ubavu wa gari. Alimtaja Nyasae, Mungu wa mama yake, kisha akajitupa kwa uzito wake wote. Kila siku kila nati ya gurudumu hilo ilikubali kidogo. Na kila ilipokubali alifurahi, akidhani inaingia ndani zaidi. Hakujua kwamba chuma chenyewe ndicho kilichokuwa kikivutika.

Kisha gari ikaanza kusema.

Ilikuwa mchana mweupe, Sharon amepumzika ndani, gari imesimama uwanjani bila mtu. Nyanchera alikuwa anamenya ndizi za kupika. Akasikia *ti*. Sauti ndogo, kama kucha iliyogonga bakuli. Kuku wote wakainua vichwa kwa pamoja, wakatazama gari. Akangoja. *Ti*. Akaacha kisu akasogea. Gari ilikuwa imepoa kitambo, haikuwa na sababu ya kulia. Alipoinama karibu na gurudumu la nyuma aliona kitu kilichomfanya arudi hatua moja. Kutoka chini ya nati kulikuwa kumeshuka michirizi myekundu ya kutu, myembamba, ikielekea nje kwenye rimu. Gurudumu lilikuwa kama uso uliokuwa ukilia.

Angemwita Sharon. Alifungua mdomo kabisa amwite. Lakini akafikiri, mtoto akiona hivi ataogopa, na dereva mwoga ndiye anayeanguka. Akachukua kona ya leso yake, akaitemea mate, akayafuta machozi yale mpaka rimu ikang'aa.

Kesho yake yalikuwa yamerudi. Akafuta tena.

"Mathe, naona unanioshea gari," Sharon alimtania mlangoni, kikombe mkononi. "Nikuajiri lini?"

"Nenda huko. Gari ya msichana haiwezi kuwa chafu kama ya Manasseh."

"Ya baba mdogo si uchafu, ni rangi."

Wakacheka wote wawili, na leso ilikuwa mkononi mwa Nyanchera, imekunjwa ili upande mwekundu usionekane.

Asubuhi ya mambo yenyewe ukungu ulishuka mpaka kwenye vizingiti. Mkaratusi wa kwanza uliuona kwa shida, wa pili hukuuona. Nyanchera alipanda juu ya paipu kama kawaida yake. Safari hii nati moja haikukubali kidogo kidogo. Ilizunguka ghafla, nyepesi, kama mkono wa mtu aliyelala. Alikaribia kuanguka. Akaitazama, ilikuwa bado mahali pake. Akasema moyoni, sasa imefika mwisho wake, imeshika. Akaficha paipu nyuma ya boma la ng'ombe.

Sharon akatoka, akawasha gari, akapunga mkono. Taa za nyuma zikazama kwenye ukungu kuelekea juu, na kishindo cha injini kikafifia mpaka kikabaki kimya kile cha ukungu, ambacho si kimya hasa. Ni kama mtu amesimama karibu nawe akizuia pumzi.

Nyanchera alifanya kazi zake. Alikama, akapika uji. Ulipofika wakati ambao Sharon kwa kawaida huwa amemaliza kupakia ndizi huko juu, alitoka na kikapu chake cha majani chai. Alikuwa hajafika langoni alipoliona.

Lilikuwa linashuka katikati ya barabara, wima. Halikurukaruka kwenye mawe, na barabara ile ni mawe matupu. Halikutoa sauti. Lilikuwa na rimu iliyong'aa, iliyopanguswa na mtu, na kutoka katikati yake michirizi myekundu ilizunguka pamoja nalo, juu, chini, juu, chini. Lilipolifikia lango lilipunguza mwendo. Likakunja kona. Likapita kwenye nafasi ile ile ambayo lango halifungiki, likampita Nyanchera karibu kiasi kwamba pindo la nguo yake lilicheza, likaenda mpaka mahali ambapo pikapu hulala. Likazunguka mara moja kama mbwa anayetafuta pa kulala. Likalala.

Hakupiga kelele. Alitamani kulikimbilia, alishike, alifukuze, alipige na jembe. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kwenda. Ndipo likamjia jambo moja. Mke wa Ochoki alikuwa amelitazama gurudumu. Alitazama, akainama, akashangaa, na muda wote huo kijana wake alikuwa bado anaendesha.

Akaligeuzia mgongo. Akatoa simu kwenye kifua cha gauni, akampigia Sharon.

"Mama?" Sauti ya Sharon, na nyuma yake mngurumo wa gari. "Nimemaliza kupakia. Nimewasha sasa niteremke."

"Zima."

"Nini?"

"Zima gari, Sharon! Usiteremke! Zima, toka nje!"

"Mama, nani ameumia?"

"Hakuna aliyeumia, na ndiyo maana nakwambia zima! Toka uangalie gurudumu la nyuma la kushoto. Liangalie kwa mkono, si kwa macho."

Mngurumo ukakatika. Nyanchera alisikia mlango, nyayo kwenye changarawe, kisha kimya kirefu. Nyuma yake uwanjani kulikuwa kimya pia, na alihisi lile lililolala likisikiliza pamoja naye.

"Mama," Sharon akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo. "Nati moja haipo, na bolti yake. Nyingine imekatikia mkononi mwangu sasa hivi. Hizi zilizobaki... nazungusha kwa vidole. Mama, nina ndizi gari nzima. Ningekuwa katikati ya mteremko."

Nyanchera akakaa chini pale pale karibu na lango, kwenye umande.

Alipopata nguvu ya kugeuka, uwanja ulikuwa mtupu. Lakini nyasi za mahali pikapu inapolala zilikuwa zimelazwa, duara moja safi, lenye upana wa gurudumu. Hakukuwa na alama ya kuingia wala ya kutoka. Katikati ya duara kulikuwa na nati, na ndani ya nati kipande cha bolti kilichokatika, ncha yake iking'aa kama jino jipya. Ile ya asubuhi. Ilikuwa imedondoka gari ilipotoka, ikamngoja hapo.

Sharon alishuka kwa miguu, Manasseh akamkuta nyumbani, na Rashad akaja mchana na bolti mpya. Nyanchera akaeleza yote mbele yao, oili, paipu, leso. Leso yenyewe aliitandaza mezani.

Rashad, kijana mpole wa kofia nyeupe, aliigusa ile kutu kwa kidole. "Mama, hii ndiyo ingemwambia Sharon mapema. Nati ikicheza inasaga chuma, maji yakiingia inatoa kutu hivi. Gari ilikuwa inawaita." Akainua kipande cha bolti. "Na hii muiangalie ilivyokonda shingo. Bolti ni kama mpira wa manati. Ukiuvuta kiasi, unashika kwa sababu unataka kurudi. Ukiuvuta kupita kiasi hautaki tena kurudi. Unalegea, halafu unakatika. Oili ndiyo inafanya upite bila kujua."

Manasseh aliitazama mikono yake mikubwa. "Kwa hivyo mimi ndiye nilikaribia kumuua mtoto wa ndugu yangu."

"Sote, shemeji," Nyanchera akasema. "Mimi ndiye nilirudia kila siku."

Walipopanda wote mpaka gari ilipoachwa na bolti mpya zikaingia kwenye magurudumu yote, Sharon alianza nati kwa vidole, akazikaza nusu, akashusha gari chini, ndipo akachukua ile spana ya kisanduku chekundu. Watu wa ukoo walikuwa wamesimama kama siku ya kwanza. Hakuna aliyeomba kukaza. Manasseh alikuja akaweka kiganja juu ya paa la gari, wengine wakamfuata, na bibi yule wa fimbo akaweka chake kwenye kioo. Wakaomba hivyo, mikono juu ya bati, huku chini Sharon akivuta pole pole na kuachia. *Tak*. *Tak*. *Tak*.

"Na huu mkono wangu," Manasseh akanong'ona baada ya amina, "mniambie kama nao ni mzito kwa paa."

Gari inateremka mpaka leo. Lango la Nyanchera limetiwa bawaba mpya. Duara la nyasi halijainuka, hata baada ya mvua, na pikapu haiegeshwi hapo tena. Wanawake wakimuuliza sokoni kama ni kweli aliliona, hawajibu hilo. Huwaambia mambo haya tu, wakawaambie watoto wao wenye magari na pikipiki:

Usikaze nati kwa kusimama juu ya spana, wala kwa kuongeza paipu.

Usipake oili wala grisi kwenye meno ya bolti za gurudumu, isipokuwa kitabu cha gari kiwe kimesema.

Usiweke rimu juu ya matope, kutu au rangi iliyovimba. Pangusa kwanza.

Usianze nati kwa spana. Anza kwa vidole; ikikataa, itoe uanze tena.

Usikaze kwa kuzunguka duara. Ruka ng'ambo, kama unayechora nyota.

Usimalize kukaza gari ikiwa juu ya jeki.

Usiamini *tak* ya nati ambayo mwingine amekwisha kuikaza. Legeza, anza upya.

Usifungulie nati kwa spana ya kupima. Itaharibika, ikudanganye.

Usisahau kupima tena baada ya safari fupi ya kwanza, gurudumu likishafunguliwa.

Usirudishe bolti iliyovutika au iliyokonda shingo.

Usifute kutu inayotoka chini ya nati. Mwite mwenye gari aione.

Usigawe nati za gari kwa watu. Akaze mmoja, wengine waombe.

Na ukiona gurudumu linashuka peke yake kwenye ukungu, usilifuate na usilitazame. Piga simu.